Mtoto Hajileti

Merelita Hobday alikuwa ameandika riwaya tatu, na zote tatu ziliishia mlangoni. Katika ya kwanza, msichana alifika kwa wazungu wa upande wa baba yake, akaachwa barazani na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Katika ya pili, kijana alisimama nje ya kanisa huku ndani watu wanaimba. Katika ya tatu, ile iliyompatia sifa mpaka Auckland, ng'ambo ya bahari, msichana aitwaye Klara alipanda basi kwenda kijijini kwa marehemu mama yake, akabisha hodi kwa mjomba wake, na yule mjomba akamtazama juu mpaka chini, akanyamaza, akafunga mlango. Kitabu kikaisha hapo. Wasomi waliandika kurasa na kurasa kuusifu mlango huo, hata ungedhani aliyestahili tuzo ni seremala.

Watu wa namna yake, waliochanganya damu ya mzungu na ya wenyeji, pale Levuka, mji mdogo wa kisiwani, huitwa kailoma. Merelita aliwaeleza wasomaji wake, ukurasa wa mbele kabisa wa riwaya ya tatu, kwamba maana yake ni mtu wa katikati: huku si kwao na kule si kwao. Tusimcheke. Sisi tuna neno chotara, tunampa binadamu na tunampa ng'ombe wa maziwa, na hatuoni haya.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwalimu mstaafu, mvi zimemjaa kichwani, mcheshi kwa watoto na mwoga kwa watu wazima. Alikaa na shangazi yake Dolly katika nyumba ya mbao iliyoachwa na baba yake, juu kabisa ya ngazi za kilima cha Levuka. Asubuhi aliandika, jioni alioka mikate ya nazi na kuwagawia majirani. Hakuwa mtu wa manung'uniko. Alimshukuru Mungu kwa meza yake, kwa macho yake yaliyokuwa bado yanaona, kwa Shangazi Dolly aliyemlea. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Merelita, mzaliwa wa Levuka, aliisikia kamba hiyo kila alipokwenda.

Mama yake, Laniana, alitoka Nasaudrau, kijiji cha bara katika kisiwa kikubwa ng'ambo ya maji, kando ya mto Wainibuka. Alifariki Merelita hajang'oa hata jino la kwanza la utoto. Baba yake, Wilfred, alikuwa fundi wa mashua. Mtoto akimwuliza mbona hatwendi kwa kina mama, Wilfred hakuinua macho kutoka kwenye randa yake. "Wangekuwa wanatutaka, wangetuita," alisema, na maranda yakaendelea kuanguka. Aliuliza mwaka hadi mwaka, jibu likawa lile lile, mpaka akaacha kuuliza. Baadaye baba naye akafa, na mtoto akageuka mwandishi.

Asubuhi moja, chai bado iko jikoni, mwanamke mmoja mkubwa mwenye kikapu cha magimbi alizipanda zile ngazi akihema, akafika juu, akashika kiuno.

"Hapa ndipo anapokaa yule mwandishi anayechafua wajomba wa watu?"

"Karibu," alisema Merelita. "Samahani, sijakufahamu."

"Utanifahamu wapi, nawe hufiki kwetu! Mimi ni Salaseini, mtoto wa yule mjomba wako mwovu. Binamu yako. Na kabla hujanipa chai nikwambie kabisa: sura ni ya mama yako, Mungu amrehemu, lakini tumbo hilo umelitafuta mwenyewe."

 Huko kama kwetu, mtoto wa mjomba ni mtani, ana ruhusa ya kukutukana mpaka uchoke. Merelita alikuwa ameusoma utani huo, ameuandika pia, lakini hakuna mtu aliyewahi kumtania hivyo tangu azaliwe. Akasikia machozi yanamlengalenga kwa ajili ya tumbo lake.

"Kaa, Salaseini."

"Niite Seini. Salaseini ni la kanisani."

Seini aliketi, akatoa kikapuni kitabu kile cha tatu. Jalada lilikuwa limekatika, kurasa zimevimba kwa kushikwa na mikono yenye majimaji. Alikinunua mjini Suva, akakipeleka kijijini, na jioni hadi jioni watu walipokaa kuzunguka bakuli la yaqona, kile kinywaji chao cha mizizi kinachotia ganzi ulimi, yeye aliwasomea, akitafsiri papo kwa papo.

"Walikipenda," alisema. "Ila pale ulipoandika mjomba akanyamaza, hawakukubali. Mjomba gani ananyamaza? Wakapiga kelele, 'Alisema nini? Soma vizuri!' Ikabidi nimpe maneno."

"Maneno gani?"

"Ya hovyo. Nilimtukanisha yule mzee hasa, hata mimi nilijishangaa. Akina mama walilia. Asubuhi yake baba ameshuka mtoni, wanawake wakamkalia njiani. 'Apenisa, ulimfukuza lini mtoto wa Laniana, mbona hatukusikia?' Baba anaapa hajamfukuza mtu. Nani amsikilize? Kitabu kimesema!"

Merelita aliweka kikombe chini. "Amekasirika sana?"

"Alinuna mpaka mbwa wakamkwepa. Halafu akanituma. Anasema kitabu chako kina kosa."

Mwandishi ukimwambia kitabu chake kina kosa, ni sawa na kumwambia mama mtoto wake ana kengeza. Merelita alivuta kiti karibu. "Kosa gani? Jina la mto? Rangi ya nyumba?"

"Rangi ya nyumba nani anaijali? Huyo Klara wako. Nani alimpeleka?"

"Alikwenda mwenyewe."

"Ndilo hilo," alisema Seini, na safari hii hakucheka. "Mtoto hajileti."

Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzima jambo ambalo watoto wanalijua. Mwanamke wa kijiji akizaa kwingine, watu wa upande wa baba humchukua mtoto, wakamvika mikeka na vitambaa vya gome la mti, wakatanguliza jino la nyangumi, zawadi kuu ya heshima, wakaja kusema: tumeleta uso wa mtoto. Hapo ndipo wajomba humwona. Kabla ya hapo, hata wakikutana naye sokoni, hawana uso wa kumtambua. Kumwita hawawezi. Kumwita ni kudai.

"Tungewaitaje? Baba yako angesema tunataka mali. Tukangoja. Bibi alikufumia mkeka wa kukukalisha, panya wakaula. Akafuma mwingine. Amekufa anangoja."

"Baba yangu alikuwa anangoja kuitwa," alisema Merelita.

Wakatazamana. Pande mbili, kila upande umenyamaza kwa adabu, kila upande unaona wenzake ndio wenye kiburi. Kama wangekuwa na adabu pungufu kidogo, mtoto angepata mjomba.

Seini alifungua ukurasa wa mbele, akaugonga kwa kidole. "Na hili nalo nani kakufundisha? Katikati, katikati, kama gari limekwama topeni. Loma ni ndani, binamu. Ndani ya nyumba. Hata nia ya mtu, moyo wake, tunaita hivyo hivyo. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, nawe umeandika kitabu kizima ukiwa barabarani."

 Merelita aliinuka, akatafuta viatu. "Meli ya kesho inaondoka alfajiri. Nakwenda nawe."

"Peke yako?"

"Na nani tena?"

"Basi utakuwa umelirudia kosa lile lile, tena kwa miguu yako mwenyewe. Unahitaji watu wa baba yako."

Watu wa baba yake walikuwa makaburini, juu ya kilima. Aliyebaki ni mmoja tu, naye alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, amesikia yote, sufuria mkononi.

Shangazi Dolly alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mkali, mwenye fahari ya viti vyake. Hakuwahi kukaa chini mtu akamwona. Alitoka jikoni, akamtazama Seini, akamtazama Merelita.

"Wilfred alijua kukunja ubao wowote ukawa mashua," alisema. "Kukunja goti hakujua."

"Shangazi, alijua? Alijua kwamba ni yeye wa kunipeleka?"

"Alisikia. Aliogopa wangekuchukua. Laniana amekwenda, na wewe ukienda, yeye angebaki na nani? Na misumari?"

"Tungemchukua kweli," alisema Seini. "Walau likizo. Angejua hata kuogelea."

Merelita alicheka na kulia pamoja. Miaka yote aliamini alikataliwa, kumbe pande zote mbili walikuwa wakimtaka, wengine mno. Alitaka kumkasirikia baba yake, hasira ikamkatalia njiani. Akamwona na randa yake, macho chini, mtu anayemficha mtoto wake nyuma ya sentensi moja. Akamshukuru, na palepale akamlaumu, na vyote viwili vikakaa.

Dolly alivaa kofia yake ya kanisani, akashuka zile ngazi peke yake, akakataa kushikwa mkono. Aliporudi alikuwa na jino la nyangumi ndani ya foronya, la manjano, zito, na kamba yake ya kusuka. Hakusema alikolipata. Jioni ile ile watu walikuja kuchukua mashine yake ya kushonea, na Merelita alipofungua kinywa, shangazi alimwambia afunge.

Lililobaki ni hofu. Jino likikataliwa, mambo yamekwisha, hakuna tena wa kumpeleka wala wa kumpokea. Ndani ya meli, na baadaye ndani ya basi linalopanda bonde la Wainibuka, Merelita alimfikiria Klara, akaona jambo ambalo wasomi wote hawakuliona. Ule mlango alikuwa akiufunga mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kwa mkono wake, ili asije akafungiwa na mtu mwingine. Sasa alikuwa anakwenda mahali ambapo kalamu ilikuwa ya mzee mmoja asiyemjua.

Nasaudrau wanawake walikuwa wanamngoja njiani na mikeka. Walimzungushia vitambaa vya gome vyenye nakshi nyeusi, wakamfunga, wakamfunga tena.

"Mtoto gani huyu?" Seini alipiga kelele. "Ongezeni kitambaa! Hajafika mgongoni!"

"Nimenyonya sana," alisema Merelita, na wanawake wakaangua kicheko, wakapigana mabega.

Kicheko kilikoma walipofika kwenye nyumba. Ndani watu walikuwa wamejaa, wameketi kimya juu ya mikeka. Upande wa juu aliketi mzee mrefu, mkavu, macho sakafuni. Huyo ndiye Apenisa, kaka wa Laniana. Hakuinua uso.

Dolly alivua viatu kizingitini. Kisha yule bibi wa viti alipiga magoti, akaanza kutambaa kwenye mkeka, jino la nyangumi limeinuliwa kwa mikono miwili, hivyo hakuwa na mkono wa kujishikiza. Magoti yakalia. Kila mtu aliyasikia. Merelita alitaka kumkimbilia, Seini akambana mkono. Alitambaa mpaka akafika mbele ya mzee, akasema kwa lugha yao, ile ya mjini iliyokwaruzwa.

"Wakubwa wa nyumba hii. Mimi ni mkongwe, na magoti yangu mmeyasikia. Ndugu yangu Wilfred alioa kwenu, akazaa, akafiwa, akaogopa. Udhuru mwingine hatuna. Tumeuleta uso wa mtoto. Mtoto ana mvi. Kosa ni letu, si lake. Kama mna mlango wa kufunga, nifungieni mimi, yeye mwacheni apite."

Mzee hakunyoosha mkono. Kimya kikakaa. Merelita alikijua kimya kile, alikuwa amekiandika, amekisahihisha, amesifiwa kwacho. Hakujua kwamba ukiwa ndani yake masikio hupiga kengele. Jino lilianza kushuka mikononi mwa Dolly kwa uzito wake. Mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa.

Ndipo Apenisa akainua uso, na Merelita akaona kwamba mzee hakuwa akifikiri. Alikuwa akitafuta sauti, machozi yamemziba. Alinyoosha mikono miwili, akalipokea jino, akaliweka kifuani.

"Mmekawia," alisema. "Mmefika. Kawia ufike. Tumemwona."

Watu wote wakapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito, taratibu, na Merelita akayasikia mpaka tumboni. Tumemwona. Katika vitabu vyake vyote hakuwahi kuliandika neno hilo.

"Mwinueni mama huyu," alisema Apenisa, akifuta uso kwa mkono wa shati. "Mleteeni kiti."

"Viti nimeviacha Levuka," alisema Dolly, na akajilaza upande, miguu mbele, juu ya mkeka wa watu, kama aliyezaliwa hapo.

"Na wewe, mwandishi. Yule mzee wa kitabuni si mimi," alisema Apenisa.

"Si wewe, Mjomba."

"Ana mdomo mchafu yule."

"Mdomo ni wa Seini, Mjomba. Mimi nilimnyamazisha."

Nyumba nzima ikapasuka. Mwanamke mmoja alimtupia Seini kandambili. "Mwongo wewe! Tulilia bure!" Seini akajificha nyuma ya Dolly, anacheka mpaka anakohoa.

Chakula kilitandazwa chini, kwenye kitambaa kirefu: magimbi, mihogo, majani ya magimbi katika tui zito, kamba wa mtoni, na mbele ya mzee samaki mzima wa mto aliyepikwa kwa tui, kichwa chake kikubwa kimeelekezwa kwake, kama inavyostahili. Merelita aliwekwa karibu naye. Alikaa wima, akachukua kipande cha muhogo cha pembeni. "Naomba chumvi, tafadhali," alisema. Akapewa. "Samahani, naomba maji." Akapewa. Kila alipoomba, wanawake waliinamisha macho, na maongezi yakapungua.

Seini aliinama sikioni mwake. "Acha kuomba. Unatutia aibu."

"Nimekosa nini?"

"Wageni ndio wanaoomba. Wewe ni vasu, mtoto wa dada wa nyumba hii. Vasu anachukua. Kuku, mkeka, shati la baba mgongoni mwake. Akikunyima, aibu ni yake. Usipochukua, unamwambia hukumjia yeye."

"Siwezi, Seini. Mzee wa watu!"

"Basi kula muhogo wako."

Merelita alimtazama mjomba. Hakuwa amekula. Alikuwa ameushika ukingo wa sahani, anamtazama samaki wake jinsi mtu anavyotazama kitu alichowekewa kukilinda. Upande mwingine wa kitambaa Dolly alikuwa anatafuna kamba kwa meno yake machache, hasemi neno, anamtazama yeye. Merelita akaelewa. Kuletwa, ameletwa, na magoti ya shangazi yamelipia. Lakini hili la kuchukua halikuwa na mtu wa kumfanyia.

Akanyoosha mkono. Ulipita juu ya magimbi, ukapita juu ya mkono wa mzee, ukashika kile kichwa cha samaki, ukakikata, ukakivuta. Tui likadondokea paja la katekista wa kijiji aliyeketi kando yake. Watu wakaacha kutafuna.

"Mwizi!" alinguruma Apenisa, akapiga sakafu kwa kiganja. "Mwizi! Mnamwona? Mwizi wangu amekuja!"

Alikuwa analia waziwazi sasa, mzee mkavu, mabega yanatikisika, na anacheka ndani ya kilio.

"Ninyi wote hapa mmenyang'anywa. Wewe umenyang'anywa nguruwe. Wewe, taa. Huyu watoto wa dada yake walimwacha na kaptura. Mimi nina dada mmoja, na miaka yote hii nimekula kichwa changu kwa amani. Kwa amani! Mnajua uchungu wa amani hiyo?"

 Merelita alifyonza jicho la samaki, akafuata shavu, tui linamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akamshukuru yule fundi mwoga wa mashua, na shukrani ilipozidi akalia juu ya mifupa kama mtoto, na wanawake wakamwacha alie kwa kuwa mtoto ndivyo alivyokuwa.

Mzee alianza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja baada ya kingine, huku akimtazama.

"Na hili je?"

"Lilete," alisema Merelita, mdomo umejaa.